Mama wa Kaka, Mama wa Dada

4 Februari

Kwa Mama Meja,

Salamu nyingi. Hunijui, nami sikujui, ila watoto wametujulisha. Mimi ndiye ninayekaa na Kidoti, dada yake Meja wako. Afisa ustawi amekataa kunipa namba yako ya simu. Anasema kanuni za malezi ya muda haziruhusu mpaka pande zote mbili zikubali. Barua amekubali kuifikisha, mradi nisiifunge kwa gundi. Basi Afisa, kama unasoma hapa, habari za kazi?

Mama Meja, mimi ni fundi rangi wa nyumba, na kazi hii imenizoesha kusema ufa ni ufa. Ofisi imeamua kwamba watoto hawa wamekaa mbalimbali vya kutosha tangu mama yao afariki na ndugu wa kuwachukua wakakosekana. Wanataka waasiliwe pamoja, nyumba moja. Mimi naomba nyumba hiyo iwe yangu. Nimeshapeleka maombi ya wote wawili. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujayasikia kwa watu.

Sisemi kwamba unamlea vibaya. Nasikia anang'aa. Lakini huyu wangu ana miaka mitano, na kila mvulana mwenye sare ya shule akipita barabarani anamkimbilia. Akimfikia anamtazama usoni, halafu anarudi taratibu. Mwanzo nilidhani atasahau. Sasa ni mwaka wa pili na bado anakimbia.

Niambie, Meja analala na taa? Anaogopa mbwa? Chumba kipo.

Ni mimi,
Mama Kidoti


15 Februari

Kwa Mama Kidoti,

Nimepata barua yako. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, maana sikuamini kama mtu anaweza kumwomba mwenzake mtoto kwa mwandiko mzuri namna ile.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na wewe umeanza kwa ukweli, kwa hiyo nakujibu kwa ukweli. Sisi nasi tumewaomba wote wawili. Nasema sisi, yaani mimi na mume wangu. Wewe nasikia huna mume. Umeuliza sheria? Mwanamke asiye na mume hapewi mtoto wa kiume kumwasili, isipokuwa mahakama ione sababu ya pekee. Sikwambii ili uumie. Dawa chungu na dawa tamu zote nazitoa kwa kijiko kile kile.

Meja halali na taa. Mbwa hawaogopi, anaogopa mlango ukifungwa yeye akiwa ndani. Ana miaka tisa na watoto wa mtaa mzima wanatembea kwa amri yake, ndipo wakampa cheo. Akipewa kitu kitamu huuliza kwanza kama kinaharibika haraka, maana anataka kumwekea dada yake. Kwenye droo yake kuna biskuti zimeota ukungu. Nimekosa ujasiri wa kuzitupa.

Afisa amekubali mje Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Chai itakuwepo.

Wako,
Mama Meja


2 Machi

Mama Meja,

Ahsante kwa chai, na ahsante kwa kutoniwekea sumu. Nilipiga funda la kwanza nikiwa na wasiwasi, nakiri.

Lakini uliwaona? Meja alimshika Kidoti mkono akampeleka moja kwa moja kwenye meza ya mume wako yenye saa zilizofunguliwa matumbo. "Hapa usiguse kitu," akamwambia, "hapa saa zinatibiwa." Halafu yeye mwenyewe akachukua kidole cha dada yake akakigusisha kila kitu. Na mume wako hakufoka. Alimvalisha mtoto lenzi yake jichoni ili aone magurudumu yanavyozunguka. Njia nzima ya kurudi Kidoti alifumba jicho moja.

Sasa niulize la moyoni. Afisa alipotamka neno kuasili, mume wako alichukua kofia akasema anakwenda kumwona mteja. Mteja gani huyo, dada, wa kukumbukwa palepale? Yeye anataka jambo hili?

Mimi nimepata wakili, wa msaada wa kisheria, kijana lakini anajua kitu. Kuhusu mtoto wa kiume amesema kama ulivyosema wewe, ila ameongeza kwamba kutowatenganisha ndugu kunaweza kuwa hiyo sababu ya pekee. Mlango ni mwembamba, akasema. Nikamwambia nimeshapitisha ngazi kwenye milango myembamba zaidi.

Nilimuuliza pia, je, kila mmoja wetu akimwasili wake, si yaishe? Akatikisa kichwa. Mtoto akiasiliwa, mbele ya sheria anapata ukoo mpya na ule wa zamani unakatika. Meja atakuwa wako, Kidoti wangu, na wao kwa wao hawatakuwa chochote. Watoto waliotoka tumbo moja watafanywa majirani. Hilo silikubali, na sidhani hata wewe unalikubali.

Tuonane mahakamani, kwa heri na kwa heshima.

Mama Kidoti


11 Machi

Mama Kidoti,

Mume wangu si msemaji. Fundi saa kazi yake kusikiliza. Ukingoja akuambie anataka nini utazeeka kitini. Usihangaike naye, ni wa kwangu.

La majirani umesema sawa, na hapo tu ndipo tunapokubaliana. Wawe pamoja. Afisa amekuja mara ya pili, amekagua vyumba, ameuliza mtaani, ametoka anatabasamu. Nakushauri kama dada yako mkubwa, anza kumwandaa Kidoti mapema. Mtoto akihama huwa hashtushwi na nyumba, anashtushwa na shuka lenye harufu ngeni. Aje na blanketi lake mwenyewe, na usilifue.

Usinione mkatili. Nimewaona watoto wengi waliocheleweshwa na watu wazima wanaobishana pembeni ya kitanda.

Mama Meja


30 Machi

Dada,

Wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi napaka dari ya watu, Kidoti amekaa chini na vikopo vyake. Akaniuliza, "Kaka alifanya kosa gani?"

"Kosa lipi?"

"Si wamemfungia kule?"

Nikashuka. Nikamweleza kwamba kaka hajafungwa, kaka ana nyumba, ana kitanda, alimwonyesha saa mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ni mimi niliyefanya."

Sikuweza kurudi juu siku ile. Nilimchukua tukaenda kwa wakili vilevile na madoa yetu ya rangi. Nikamuuliza, kesi hii itaisha lini? Hakunificha. Maombi mawili yakigongana, kila upande una haki ya kuleta mashahidi na kukata rufaa. Inaweza kwenda mwaka, inaweza kuzidi, na muda wote huo kila mtoto atabaki alipo.

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Dada, tembo ni sisi. Mimi mnene zaidi, lakini wote ni tembo. Jumatatu nilikwenda ofisini kuyaondoa maombi yangu. Usije ukawaambia watu umenishinda. Sikushindwa, nimeamua.

Sasa shika haya. Nywele zake anza kuzichana kwa nyuma. Akisema tumbo linauma huku anakutazama usoni, haliumi. Akisema huku anatazama chini, mpeleke hospitali. Akikwambia ameshapiga mswaki, gusa mswaki. Ukimwimbia ukasahau maneno, usitunge mengine, atakusahihisha mpaka usingizi ukukimbie wewe.

Nimemwambia anakwenda kuishi na kaka yake. Ameruka mpaka akagonga meza. Hakuuliza kama nami nitakwenda. Sikumkumbusha.

Niandikie nimlete lini.

Mama Kidoti


4 Aprili

Mdogo wangu,

Usifunge mzigo. Tafadhali, kama umefunga, fungua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wagonjwa nawaimbia methali hiyo kila siku, na mimi mwenyewe nimeficha tangu barua ya kwanza. Mume wangu hajatia sahihi. Hajakubali hata siku moja. Nilimwambia Afisa kwamba fomu iko kwa mume wangu anaisoma, nawe nikakuandikia "sisi", nikitegemea kwamba ofisi ikishatuchagua, mzee ataona haya kukataa. Nilikosea hesabu. Haoni haya huyo.

Uliuliza mteja gani. Hakukuwa na mteja. Alikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Ulipoondoka nikamfuata.

"Humpendi Meja?" nikamuuliza.

"Unajua nampenda."

"Basi tia sahihi."

"Nina miaka sitini na saba. Nikijiandikisha kuwa baba yake, nitamfanya yatima mara ya pili."

"Wapo wanaume wa miaka themanini wanaotembea."

"Wapo. Mimi kazi yangu kusikiliza mashine, mama, na ya kwangu naisikia."

Nilinuna siku nyingi, nikampakulia chakula bila neno. Hakubadilika. Na sheria ni kwamba mke hawezi kuomba peke yake mumewe akiwa hakubali. Kwa hiyo yale yote niliyokutambia, mume, ndoa, sijui nini, hayakuwepo. Nilichokuzidi ni umri tu.

Barua yako ya tembo niliisoma kwenye kiti cha wodi. Wewe umemtoa mtoto kwa mdomo wako mwenyewe, na mimi niliyekuwa namngoja sikuwa na pa kumweka kisheria. Kesho yake nilikwenda kwa Afisa nikamweleza kila kitu. Amenikemea, na amekemea vizuri. Maombi yako hayajafutwa, faili lilikuwa bado mezani kwake. Nimemwambia nitasimama mahakamani upande wako, niseme kwa kinywa changu kwamba Meja apewe wewe.

Sina masharti. Nina woga mmoja tu, nikwambie. Mtaa huu mzima, muuza duka, wauguzi wenzangu, hata daktari mkuu, wananiita Mama Meja. Nikishamtoa, nitaitwa nani?

Mama Meja


9 Aprili

Dada,

Nimekasirika. Nimepaka ukuta mmoja mara tatu kwa hasira, mwenye nyumba anadhani huo ndio ubora wangu, amenisifu mbele ya mkewe. Unajua nilivyolia na lile blanketi ambalo nilikatazwa kulifua? Unajua mtoto nilimwambia nini? Ilinibidi nimkalishe tena nimwambie kwamba mipango imegeuka, kaka ndiye atakayekuja kwetu. Alifikiri kidogo, akasema sawa, ila blanketi hagawi.

Haya. Hasira imekwisha, nimeiandika yote hapo juu.

Jina lako usilitafutie woga. Mahakama inaandika vyeti, haitembei madukani kurekebisha watu. Watakuita Mama Meja siku zote, na mimi nitakuwa wa kwanza. Kama sheria inaweza kumpa mtoto mama mpya, mtaa unaweza kumwachia na wa zamani.

Linalonisumbua ni Meja mwenyewe. Nani atamwambia? Asije akadhani amerudishwa kama bidhaa mbovu. Naona aseme mume wako, kwa sababu aliyekataa ni yeye. Mtoto asikie sababu kwa mwenye sababu.

Afisa amenipa namba yako, wote tumekubali sasa. Sitakupigia. Tukipigiana tutalia mpaka salio liishe na hakuna litakalosemwa. Tuandikiane.

Mama Kidoti


20 Aprili

Kwa binti yangu, fundi rangi,

Mke wangu ameniambia umeagiza niseme mimi. Umeagiza sawa. Nakuandikia ujue nilivyosema, usije ukaletewa habari nusu.

Nilimwita mezani pangu nikamwambia, "Sikukukataa wewe. Nilichokataa ni kukuacha."

Akafikiri. Akauliza, "Utakufa lini?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui, kwa nini hutii sahihi?"

Mtoto huyu atakuwa wakili au atakuwa mgomvi, jiandae kwa yote. Nikaona nimwambie jambo ambalo nina hakika nalo. Nikamwambia kwamba dada yake bado mdogo sana, anahitaji mama wa kuwepo mpaka siku atakayokuwa na watoto wake, na mama huyo amepatikana, ana nguvu, anapanda ngazi kama paka. Lakini mama peke yake hatoshi, anahitaji na kaka.

Aliokota gurudumu moja mezani akalizungusha. Mimi sikumharakisha. Kisha akauliza, "Kidoti anajua kuvuka barabara?"

"Bado."

"Basi niende."

Alilia baadaye, kwa mama yake, si kwangu. Ni haki yake kuchagua pa kulilia.

Nimemwambia meza hii ni yake likizo zote. Usininyime hilo.

Fundi Saa


18 Juni

Mama Meja, dada yangu,

Najua leo zamu haikukuachia. Mzee alikuwepo, lakini namjua, atakwambia "imepita" kisha ataokota koleo lake. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa bado na viatu vya mahakamani.

Imepita! Wote wawili! Wako kwangu, kwa jina, kwa sheria, kwa muhuri.

Jaji ni mama mmoja mwenye miwani, sauti ndogo, lakini akisema hata feni inasikiliza. Alianza na Meja. "Unaelewa maana ya kuasiliwa?"

Meja akasimama wima kama yuko kwenye gwaride. "Ni kwamba ukitoroka unarudishwa palepale."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akasema, "Ni maelezo mazuri kuliko niliyosoma chuoni. Na wewe unataka?"

"Kidoti yupo?"

"Yupo."

"Na Mzee, na Mama wa wodini, nitawaona?"

Hapo Jaji aliweka kalamu chini. Akasema sheria ina jina la mzazi aliyezaa na jina la mzazi aliyeasili, lakini haina jina la mtu aliyelea akakabidhi. Akasema kukosa jina si kukosa haki ya kupendwa. Ameandika ndani ya amri kwamba Meja atakuja kwenu, na Kidoti pamoja naye, likizo na siku nyingine tutakazopatana, na kwamba mimi sitazuia. Nikasema, mheshimiwa, hata usingeandika. Akasema anaandika kwa ajili ya siku nitakayokuwa nimeudhika. Amenisoma huyo mama.

Kuhusu mtoto wa kiume na mwanamke asiye na mume, alisema sababu ya pekee aliiona mwenyewe siku ya ushahidi, na zilikuwa mbili. Ya kwanza, mtu na dada yake. Ya pili, muuguzi aliyesimama kizimbani akasema mwenzake anafaa. Kasema katika kazi yake watu huja kumgombania mtoto kila siku, wewe ulikuja kumgombea mwenzako.

Mzee alitoa leso akafuta lenzi yake. Haikuwa na vumbi. Nimeona mwenyewe.

Mama Kidoti
(na Meja, kwa amri ya mahakama)


9 Julai

Dada,

Nimekaa siku mbili nikijiuliza nikwambie au nisikwambie. Nimeona tulishakubaliana kutofichana, hata panapouma. Kwa hiyo shika kiti.

Tangu Meja ahamie hapa amekuwa akimhudumia dada yake kama mgeni wa serikali. Kidoti akitaka maji, Meja ameshafika nayo. Kidoti akitaka kiti, Meja ameinuka. Barabarani anamshika mkono mpaka vidole vinageuka rangi. Majirani wananiambia nina bahati, watoto gani hawa wasiogombana. Mimi moyoni sikupenda. Nilikuwa naona wanaishi kama watu waliopo kituoni, kila mmoja anamtunza mwenzake kwa sababu gari linaweza kuja wakati wowote.

Juzi walipigana.

Walikuwa wanagombea kiti cha dirishani. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia "toka", nikasikia "sitoki", nikasikia kishindo. Kisha Meja akapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama! Mama, njoo umwambie huyu mtoto wako, ananing'ata!"

Mama. Mpaka juzi alikuwa ananiita "samahani".

Nilitoka mbio na povu mpaka viwikoni. Nikawakuta sakafuni, mmoja ameshika nywele, mwingine ameshika mkono kwa meno. Nilipaswa kuwaadhibu. Nilisimama mlangoni nadondosha povu. Wao ndio walioacha, wakaanza kuniuliza mimi nina nini.

Mama Meja, sijui neno hilo litakufikaje. Hajaniweka mahali pako. Akikutaja bado anasema Mama, na juzi ile ile jioni alisema "Mama wa wodini angemtia sindano Kidoti". Ila nimeona ulisikie kwangu.

Mama Kidoti


14 Julai

Mdogo wangu,

Umefanya vizuri kuniambia. Barua ilinikuta zamuni. Niliingia stoo ya mashuka nikalia kidogo, nikatoka nikanawa uso, nikagawa dawa. Kulikuwa na uchungu, sikatai, lakini nilipofika kitanda cha mwisho nilikuwa nacheka peke yangu, hata mgonjwa akaniuliza kama amepona.

Nyumbani nikamsomea mzee, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nilipofika pale pa "Mama", nikapasoma mara mbili. Akatoa lenzi jichoni, akaiweka mezani polepole. Nikasema moyoni, leo mume wangu atatamka neno zito.

Akauliza, "Nani alianza?"

Nikamwambia barua haisemi.

Ameudhika mno. Anasema huwezi kumletea mtu habari za ugomvi ukaliacha la maana. Anasema Meja hawezi kuwa ameanza, kalelewa vizuri. Mimi namjua Meja, na nimesema kaanza. Tumebishana tangu chakula cha mchana, sasa hivi ananiambia nikuulize nani alikuwa amekaa kwenye kiti kwanza, na kama yupo mtu aliyeona.

Njooni Jumapili wote watatu. Anataka kuwasikiliza watuhumiwa mwenyewe, mmoja mmoja.

Mama Meja